Kulwa Hukaa Kulia kwa Mama

Neema na Festo, ninyi mliobaki na studio, mliniomba niwaandikie namna ya kulaza filamu kwenye mafuta kabla ya kuiskani. Mlisema kurasa mbili zinatosha. Mngenifahamu vizuri mngejua kwamba Mhaya hana kurasa mbili. Basi chemsheni chai, nitaanzia mwanzo. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini sitazigusa, maana hazikuwahi kunifundisha kitu. Na asanteni kwa zawadi ya kuniaga: masufuria saba, seti nzima na vifuniko vyake, kana kwamba nastaafu ili nikauze wali stendi. Nimeyapanga juu ya kabati na nayaona hata sasa ninapoandika.

Nitawaeleza pia kile kikaratasi kilichobandikwa juu ya skana, kilichoandikwa kwa kalamu nyekundu "Kulwa hukaa kulia kwa mama." Festo aliniuliza kama ni kibwagizo cha wimbo wa kwaya. Nikamwambia nitamjibu nikistaafu. Nimestaafu.

Studio ya Mkuyuni ninyi mmeikuta na mlango wa kioo. Mimi niliikuta na mlango wa mbao uliokuwa lazima uupige teke ndipo ufunguke. Nilikuwa binti niliyeshuka kwenye meli ya Bukoba na sanduku moja na barua ya padre inayosema nina tabia njema. Mwenye studio, Mzee Mashauri, alikuwa Msukuma mrefu, mwenye sauti ya chini na subira isiyoisha. Hakuwahi kumwambia mteja atabasamu. Alikaa nyuma ya kamera akisubiri mpaka mtu achoke kujifanya, ndipo akabonyeza. Barua ya padre hakuisoma. Aliniambia ninyooshe mikono.

"Mikono hii imefanya kazi gani?"

"Kumenya ndizi, mzee."

"Ndizi mbichi zina utomvu. Mbona vidole havina weusi?"

"Napaka mafuta kwanza. Utomvu unakosa pa kushika."

Akanitazama, akacheka kidogo kwa puani. "Basi anza leo. Lakini usiwe na halaka. Ukiwa na halaka hapa, unaharibu ya watu."

Sikujua wakati ule kwamba mafuta na ndizi za mama yangu ndiyo yangekuja kunipa jina. Marafiki zangu Wasukuma watasema Mhaya ameanza kujisifu. Ni kweli, nimeanza, na sitaacha leo.

Somo la kwanza lilikuwa uso na mgongo. Filamu ina pande mbili. Upande mmoja unang'aa, huo ndio mgongo, ni plastiki tu. Upande wa pili umefifia, huo ndio uso, na picha yenyewe imekaa pale, kwenye utando mwembamba ambao ukucha unaweza kuuondoa. Kwenye mwanga mtu yeyote anautambua. Mzee Mashauri alitaka niutambue kwenye giza totoro, kwa hiyo alinifundisha kugusisha kona ya filamu kwenye mdomo wenye unyevu. Upande unaonata kidogo ni uso. Miezi mitatu nilikuwa nabusu filamu za watu nisiowajua, harusi, ubatizo, wanaume wenye pikipiki mpya. "Mgongo ukichubuka, mtu anapona," aliniambia. "Uso ukichubuka, umempoteza."

Somo la pili lilikuwa mapacha. Kwa Wasukuma, wa kwanza kuzaliwa ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayewafuata ni Shija, na hayo mnayajua. Msichojua ni kwamba Mzee Mashauri hakuandika majina kwenye bahasha za mapacha. Alikuwa na utaratibu wake, ambao hakuuvunja hata kwa mteja mkorofi: Kulwa alikaa mkono wa kulia wa mama, Doto mkono wa kushoto. Nilimuuliza kwa nini asiandike tu. Akasema karatasi hupotea, lakini mkono wa kulia wa mama unabaki pale pale siku zote. Nyuma yao kulikuwa na pazia alilolichora mwenyewe, lenye meli kubwa ya ziwani. Moshi wa meli ulielekea kushoto na bendera ilipepea kuelekea kulia. Nilimwambia upepo hauwezi kuvuma pande mbili kwa wakati mmoja.

"Abiria hawajalalamika," akanijibu.

Kisha zikaja kamera zisizotumia filamu, na baada yake simu, na kila mtu akawa mpiga picha. Mzee Mashauri akafariki. Mwanawe akafunga chumba cha giza, akanunua kompyuta na skana, akaniuliza kama naweza kujifunza. Nikasema ndiyo kabla sijajua inawashwa wapi.

Tulichobaki nacho wenzetu hawana ni wale watu wanaokuja na negativu za zamani, picha zao zimeliwa na mchwa au zimelowa mvua. Wanakuja na filamu zilizokaa kwenye makopo, kwenye Biblia, chini ya godoro. Filamu hizo zina mikwaruzo mgongoni, na skana haina huruma hata kidogo. Mkwaruzo ambao zamani taa ya chumba cha giza ingeuvumilia, skana inauandika kama barabara ya lami.

Jibu nililipata nyumbani, nikiwa napaka mafuta mikononi ili nimenye ndizi. Nilitazama mikunjo ya viganja vyangu ikipotea kwenye mafuta, nikasema, kumbe. Mkwaruzo ni mfereji tu. Mwanga ukipita pale unapinda, na skana inaandika kule kupinda. Ukijaza mfereji kwa kitu kinachopitisha mwanga kama filamu yenyewe inavyoupitisha, mfereji haupo tena. Baadaye nilikuja kujua kwamba huko nje watu wanafanya hivyo miaka mingi, na wana vimiminika vyao maalumu kwenye chupa nzuri. Haidhuru. Mimi niligundua nikiwa na kisu cha ndizi mkononi.

Nilianza na maji. Msijaribu. Ule utando wa uso ulivimba, ukaanza kuteleza kama ngozi ya maziwa, na picha yangu ya kipaimara ikaondoka mbele ya macho yangu. Nilishukuru kwamba nilijaribia ya kwangu. Nikaja kwenye mafuta ya nazi, yakaganda asubuhi ya baridi na skana ikanukia maandazi wiki nzima. Mwishowe nikaenda duka la dawa kuuliza mafuta ya parafini, yale meupe ya kunywa, yasiyo na rangi wala harufu. Muuzaji akanitazama kwa huruma, akaniambia ninywe vijiko viwili kabla ya kulala na niongeze mboga za majani. Nikachukua chupa tatu. Akaniita mama, akaniambia nikamwone daktari.

Sasa kazi yenyewe. Futa kioo cha skana mpaka ujione. Dondosha mafuta matone manne au matano, si zaidi, maana ukizidisha yatatambaa yaingie ndani ya mashine na hapo mtanipigia simu na sitapokea. Shika filamu kwa kingo, mgongo uwe chini, uso juu. Anza kuigusisha kioo kwa ukingo mmoja, halafu ishushe taratibu, kama unavyomfunika mtoto shuka bila kumwamsha. Dondosha mafuta mengine juu yake, weka karatasi ya plastiki angavu, kisha zungushia kidole kitambaa cha miwani usukume mapovu kutoka katikati kwenda nje. Povu moja likibaki litaonekana kwenye picha kama jicho la samaki. Ukimaliza kuskani, safisha filamu kwa pamba na yale mafuta mepesi ya kujazia viberiti vya chuma, madirisha yakiwa wazi na jiko la chai likiwa limezimwa. Festo, nimesema jiko likiwa limezimwa.

Kwa njia hiyo nimeokoa nyuso nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mapadre wamekuja, wajane wamekuja, amekuja mzee mmoja aliyetaka kumwonyesha mjukuu wake kwamba alikuwa na nywele. Watu walianza kusema, nenda Mkuyuni kwa yule mama wa mafuta. Nililipenda jina hilo na bado nalipenda.

Ndipo akaja Doto.

Alivuka na kivuko kutoka Kamanga, akafika tukiwa ndiyo kwanza tunafagia. Mwanamke wa umri wangu au pungufu kidogo, kitenge cha bluu, sweta juu yake, kitabu cha nyimbo za kanisani kwapani.

"Habari za asubuhi, dada. Nimeambiwa unafufua picha."

"Nasafisha tu. Kufufua kuna mwenyewe."

Akacheka, akakaa, akafungua kitabu. Katikati ya kurasa kulikuwa na negativu moja iliyofungwa kwenye nailoni. Mama yake aliikata kingo zote kwa mkasi ili ienee kitabuni, kwa hiyo yale maandishi madogo ya pembeni mwa filamu, ambayo yangenionyesha upande, hayakuwepo. Mgongo ulikuwa umechubuka vibaya sana. Nikaiinua kwenye mwanga: mwanamke amekaa, watoto wawili wa kike wamesimama huku na huku, nguo sawa, nywele nyeupe kama bibi zao, maana kwenye negativu kila mtoto ni kizee. Na nyuma yao nikaiona meli. Nilijua mara moja nani aliipiga.

"Mimi ni Doto," akasema. "Kulwa alifariki kwa surua tukiwa na miaka sita. Picha ya karatasi mama aliomba azikwe nayo, tukamzika nayo. Imebaki hiyo." Jumamosi ya wiki iliyofuata familia ilikuwa inajengea kaburi la Kulwa, ambalo miaka yote lilikuwa na mawe tu, na yeye alitaka sura ya dada yake kwenye kigae.

Nikamwambia, kwa kutaka kumfariji, kwamba pacha ana bahati, akijitazama kwenye kioo anamwona mwenzake.

"Kila mtu ananiambia hivyo," akasema bila hasira. "Mimi kwenye kioo naona mwanamke mzima aliyeota mvi. Na hata tulipokuwa wadogo hatukuwa mtu mmoja. Kulwa alikuwa mkubwa. Alikuwa ananilazimisha nimwamkie, 'Nipe shikamoo yangu,' kila asubuhi. Mama alisema alinitangulia kwa muda wa kuchemsha chai tu. Sikumpa hata siku moja. Siwezi kuikumbuka sura yake, dada. Naikumbuka sauti yake akiidai."

Nilimwambia aje Jumatatu. Nilimwambia pia, na hapa ndipo mnione nilivyovimba kichwa, kwamba amefika mahali sahihi, kwamba katika Mwanza nzima hakuna mikono mingine.

Siku niliyoilaza filamu ile niliilaza sawasawa, mgongo chini, na mapovu yote nikayatoa. Kisha wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoinuka juu ya maji kama moshi, wakaletwa na upepo hadi Mkuyuni. Madirisha yalikuwa wazi. Kwa dakika chache studio ilijaa, na penye mafuta ndipo walipopapenda. Walinata kwenye kioo, kwenye plastiki, wengine wakaingia chini ya ukingo wa filamu. Nikafunga madirisha, nikaifungua kazi yote, nikasafisha filamu mara tatu kwa pamba, nikatoa vijiguu kwa ncha ya brashi. Kwa kusafishwa kule filamu ilijikunja kuelekea upande wa uso, ikawa haikubali kulala. Nikafanya lile ambalo fundi yeyote angelifanya: nikaigeuza, uso ukawa chini, ili mkunjo ugandamizwe na kioo. Si kosa. Ukifanya hivyo picha inatoka imegeuka, kulia kunakuwa kushoto, nawe unaigeuza tena kwenye kompyuta kwa kubonyeza mara moja.

Sikubonyeza.

Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na furaha, na hivyo viwili vikikutana ni hatari. Mikwaruzo yote ilikuwa imetoweka. Mashavu ya wale watoto yalikuwa kama ya jana. Nikakata ile meli yote ya nyuma ili wabaki mama na wanawe, nikatumia siku mbili kuondoa madoa yaliyobaki, moja moja.

Jumatatu Doto akakaa mbele ya kompyuta. Alimtazama mama yake muda mrefu, akajifuta macho, akauliza, "Yupi ni Kulwa?"

Sikusita hata kidogo. Nilimweleza utaratibu wa Mzee Mashauri kwa fahari yote, nikaweka kidole kwenye mtoto aliyekuwa mkono wa kulia wa mama. "Huyu hapa."

Akasogea karibu na kioo cha kompyuta, akatazama uso, akatazama mikono ya yule mtoto, akanitazama mimi. Nikadhani ni majonzi.

"Haya," akasema. "Wewe ndiye unayejua."

Nikaukuza ule uso peke yake, nikamchapia, akaupeleka kwa fundi wa vigae kule Mkolani, akavuka nacho kigae kurudi kwao.

Alhamisi nikataka kuichapa picha ile nzima, pamoja na pazia, niitundike ukutani karibu na ile ya Mzee Mashauri aliyopigwa mbele ya meli ile ile. Nikaitundika, nikarudi nyuma hatua mbili nijipongeze. Moshi wa Mzee Mashauri ulielekea kushoto. Moshi wa kina Doto ulielekea kulia. Nilisimama pale nikiwa bado na nyundo mkononi. Neema, wewe ulikuwepo, uliniuliza kama nimeumia kidole nikakujibu ndiyo. Sikuwa nimeumia kidole. Nilikuwa nimempa mtu uso wake mwenyewe akauweke kwenye kaburi la dada yake.

Nikampigia simu. Alipokea mara moja. "Dada yangu! Kigae kimetoka vizuri mno, watu wote wanakisifu." Na mimi, mama wa mafuta, mwenye mikono isiyo na mfano, nikashindwa. Nikamuuliza ibada ni saa ngapi Jumamosi. Akasema saa sita mchana, akanikaribisha. Nikasema nitakuja, nikakata simu, nikakaa kwenye kiti cha wateja nikajidharau. Hilo ndilo kosa langu halisi, wanangu. La kwanza lilikuwa la wadudu na uchovu. La pili lilikuwa la kiburi.

Niligeuza picha, nikakagua moshi na bendera, nikaupeleka uso wa Kulwa Mkolani mwenyewe. Ijumaa jioni kigae kilikuwa tayari. Jumamosi nilipanda kivuko cha asubuhi nikiwa nimekipakata kigae kwenye kanga, na ile picha nzima kwenye bahasha. Mama mmoja kwenye benchi aliniuliza kama ni keki. Nikamwambia ni kizito kuliko keki.

Nilipofika kwao, nyuma ya nyumba, kaburi lilikuwa limeshapigwa plasta. Shija, mdogo wao, aliyezaliwa baada ya mapacha na ambaye hakuwahi kumwona Kulwa, alikuwa amechuchumaa na mwiko wa ujenzi, analainisha saruji kuzunguka kigae. Kilikuwa kimeshapachikwa. Uso wa Doto wa miaka sita ulinitazama kutoka juu ya kaburi lisilo lake.

Doto akaja akinikumbatia. Nikamwomba asinikumbatie kwanza. Nikafungua bahasha, nikamwambia yote: wadudu, mkunjo, kugeuza, kusahau, na ile simu niliyoogopa kusema. Nikamwonyesha moshi wa meli. Nikamwambia, "Yule niliyekuonyesha siye Kulwa. Ni wewe. Nisamehe."

Nilitegemea anifokee. Alishika picha kwa mikono miwili.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Nilipokaa mbele ya kompyuta yako nilijiona. Tazama mkono wa huyo mtoto. Ameficha kidole gumba ndani ya ngumi. Ni mimi. Nikiogopa nafanya hivyo mpaka leo." Akainua mkono wake, na kidole gumba kilikuwa ndani ya ngumi. "Lakini wewe ulisema huyo ni Kulwa, na wewe ndiye mtaalamu. Nikasema basi hata hili nimelisahau, hata vidole vyake nimevichanganya na vyangu. Siku zote hizi, dada, nimekuwa nikilia kwamba nimempoteza kabisa."

Nimeharibu filamu maishani mwangu, nimewahi kuunguza harusi nzima kwenye dawa ya moto. Hakuna kilichoniuma kama maneno yale. Alikuwa ameona ukweli kwa macho yake akauacha kwa sababu yangu. Ndiyo maana, Neema na Festo, kikaratasi kipo pale juu ya skana, na ndiyo maana mteja akikaa mbele ya kompyuta mimi husema neno moja tu, "Unamwona nani?" kisha nanyamaza mpaka ajibu. Mafuta mtajifunza kwa wiki mbili. Kunyamaza kutawachukua muda mrefu zaidi.

Mtaniuliza, sasa fahari iko wapi katika habari hii? Iko kwenye kivuko. Nilikuwa na siku mbili za kutafuta sababu ya kutokwenda, na sababu zilikuwepo nyingi, maana hakuna mtu duniani angegundua. Mama yao alishafariki, Mzee Mashauri alishafariki, na mwenyewe alishakubali. Nilikwenda. Katika kazi zangu zote, hiyo ndiyo ninayojivunia.

Shija alichomeka ncha ya mwiko chini ya kigae, saruji ilikuwa bado mbichi, akakibandua taratibu kwa mkono mwepesi ambao Mzee Mashauri angeupenda. Akakiosha kwenye ndoo, akauliza akitupe wapi.

"Kitupwe kwa nini?" Doto akasema. "Ni mimi huyo. Niwekee kabatini, siku yangu ikifika msihangaike na picha." Wanawake waliokuwa wanapika wakaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka huku machozi yanamtiririka.

Nikafungua kanga. Doto alikichukua kigae, lakini hakumpa Shija. Alikaa chini kwenye majani, akakiweka mapajani, akapitisha kidole kwenye paji la uso la yule mtoto, kwenye nyusi, kwenye kidevu kilichoinuliwa juu kidogo kama cha mtu anayesubiri kupewa kitu chake.

"Ndiye," akasema.

Kisha akakunjua kidole gumba kutoka kwenye ngumi, akaweka kiganja chote juu ya kigae, na yule mwanamke mzima, mwenye wajukuu, akamwinamia mtoto wa miaka sita.

"Shikamoo, dada."

Kwa mazoea ya umri wangu nilikaribia kuitikia marahaba. Nikajizuia, maana haikuwa yangu.